Maneno ya kwanza ya Kichina kwa mtoto mdogo: yapi yatangulie, na nani amfundishe?

Katika Kichina, mtoto anayetaka peremende husema táng, sauti ikianzia katikati na kupanda, kama mtu anayeuliza "eti?" Akiiweka sauti juu na kuiacha bapa, amesema tāng, na tāng ni supu. Ulimi umefanya kazi ile ile na herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo wa sauti tu, na hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya kumfundisha mtoto lugha hii.

Jambo hili limetusogelea. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vikapata zao mwaka 2013. Januari 2019 Kenya ilitangaza mpango wa kuingiza Kichina katika shule za msingi kuanzia darasa la nne. Nyuma ya hayo zimekuja programu za simu na madarasa ya kulipia, na mzazi anajikuta anajiuliza kama atoe pesa, atoe kiasi gani, na mtoto aanze na nini.

Kwanza tuelewane ni Kichina kipi. China ina lugha na lahaja nyingi, na mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou, kila mmoja akisema cha kwao, huenda wasielewane kabisa. Kinachofundishwa shuleni na kwa wageni ni Putonghua, lugha sanifu ambayo serikali ya China iliifafanua mwaka 1956 kwa kufuata matamshi ya Beijing. Katika makala hii tukisema Kichina tunamaanisha hicho.

Toni nne, na moja isiyohesabiwa

Putonghua ina toni nne. Mfano unaotolewa kila mahali ni wa silabi ma. Mā yenye sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Má inayopanda ni katani. Mǎ inayoshuka chini na kukaa huko kabla ya kuinuka kidogo ni farasi. Mà inayoanguka kwa ghafla ni kutukana au kugomba. Kuna pia silabi nyepesi zisizo na toni yake, kama ile ya pili katika māma.

Kwa masikio ya Mswahili, toni ya kwanza ni kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya shamba, sauti ikivutwa bila kushuka. Ya pili ni ile "eti?" ya kuuliza. Ya tatu inafanana na "mmh" ya chini ya mtu anayekubali shingo upande. Ya nne ni amri: "Toka!" Mfano huu si kamili, lakini mtoto akionyeshwa kwa mkono, kiganja kikienda bapa, kikipanda, kikibonyea na kikishuka, anashika haraka kuliko kwa maelezo yoyote.

Kiswahili hakina toni. Tuna mkazo, nao hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiuhamisha katika neno barabara, njia ya magari inageuka kuwa "sawasawa kabisa," lakini maneno ya namna hiyo ni machache. Hata hivyo, watoto wengi wa Afrika Mashariki hawaanzi na Kiswahili peke yake. Kikuyu, Kihaya, Kisukuma, Kiganda, Kijaluo, Kimaasai na Kilingala zote ni lugha zinazotumia toni. Mtoto aliyelelewa katika mojawapo amekwisha kujua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Mzazi anayeacha kusema lugha ya kwao na mtoto ili "nafasi ipatikane" ya Kichina anatupa chombo ambacho kingemsaidia mtoto huyo huyo.

Watafiti waliowafuatilia watoto wa Beijing wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na minne na nusu waliona kwamba toni ndizo hukaa sawa mapema kabisa. Konsonanti huja baadaye, na zile zinazoandikwa zh, ch na sh huchelewa. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutamka konsonanti hovyo huku toni zake zikiwa safi. Wageni wazima huwa kinyume chake, wanajitahidi na herufi na kuacha toni kwa ajili ya "baadaye," na baadaye hiyo haifiki.

Kwa hiyo neno lisifundishwe kamwe bila toni yake, hata siku ya kwanza. Mtoto akisema shī badala ya sī, mwache, ulimi utakomaa. Akisema mǎi badala ya mài, rudia neno sahihi kwa upole, kwa sababu mǎi ni kununua na mài ni kuuza, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou wanajua tofauti hiyo ina thamani gani. Yǎnjing ni macho, yǎnjìng ni miwani. Si lazima mtoto aelezwe kanuni. Asikie tu mara nyingi.

Anza na watu, vitu vifuate

Vitabu vingi vya wageni huanza na rangi na matunda. Familia za Wachina haziendi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Twila Tardif wa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na wenzake uliangalia maneno kumi ya kwanza ya watoto wa Beijing, Hong Kong na Marekani. Kote baba na mama walikuwa miongoni mwa maneno ya mwanzo. Lakini kwa watoto wa Beijing na Hong Kong majina ya ndugu yalijaa zaidi. Tardif alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1990 pia kwamba watoto wa Kichina hutumia vitenzi mapema na kwa wingi kuliko watoto wa Kiingereza, ambao hukusanya kwanza majina ya vitu.

Sababu moja inaeleweka kwa mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu. Mgeni akiingia, mtoto wa Kichina huambiwa jiào rén, maana yake "mwite mtu," yaani msalimie kwa cheo chake cha ukoo. Ni sawa na sisi tunavyomsukuma mtoto mbele na kumwambia, "Mwamkie shangazi." Mtoto asiyejua cheo hawezi kusalimia, na asiyesalimia anawaaibisha wazazi wake.

Hapa Mswahili ana faida kubwa kuliko Mwingereza. Kaka wa baba aliye mkubwa kwake ni bóbo, kwetu baba mkubwa. Mdogo wa baba ni shūshu, baba mdogo. Kaka wa mama ni jiùjiu, naye ni mjomba. Dada wa baba ni gūgu, shangazi. Dada wa mama ni yímā, mama mkubwa au mama mdogo. Kiingereza kinawatupa hawa wote katika maneno mawili tu, na mwanafunzi wa Kiingereza anapokutana na orodha hii hushika kichwa. Mtoto wetu anahitaji jina jipya tu, mtu mwenyewe anamjua.

Yako mahali pachache Wachina wanapotenganisha zaidi yetu. Bibi mzaa baba ni nǎinai, lakini mzaa mama ni wàipó, au lǎolao kwa watu wa kaskazini. Babu mzaa baba ni yéye. Ndugu nao hawana jina la jumla. Kuna gēge, kaka mkubwa, na dìdi, mdogo wa kiume; jiějie, dada mkubwa, na mèimei, mdogo wa kike. Angalia namna maneno haya yanavyorudia silabi: ndivyo Wachina wanavyosema na watoto wachanga, na mbwa kwa mtoto ni gǒugou, paka ni māomao. Silabi ya pili mara nyingi hutamkwa kwa wepesi.

Na bàba? Ndiyo, ni baba. Na māma ni mama. Mtoto wa Kiswahili anaanza akiwa na maneno mawili mfukoni, akirekebisha toni tu. Hata wageni wasio ndugu wanaitwa kama kwetu: mwanamke mzima ni āyí, mwanamume wa rika la baba ni shūshu.

Baada ya watu ndipo vije vitendo, na ni bora vifanywe kwa mwili. Zuò, kaa. Pǎo, kimbia. Tiào, ruka. Chī, kula. Hē, kunywa. Mwalimu anasema na kufanya, watoto wanafuata. Kisha sehemu za mwili, bízi pua, ěrduo masikio. Nǐ hǎo na xièxie zitajifunza zenyewe kwa kutumika kila siku. Sauti za wanyama huwafurahisha watoto sana, kwa sababu mbwa wa Kichina hubweka wāngwāng, kondoo hulia miēmiē na paka miāomiāo, ambayo si mbali na nyau yetu.

Kuhesabu

Namba ni zawadi. Yī, èr, sān, sì, wǔ, liù, qī, bā, jiǔ, shí. Akishazishika hizo kumi, mtoto anaweza kuhesabu hadi 99 bila neno jipya. Kumi na moja ni shí yī, kumi-moja. Ishirini ni èr shí, mbili-kumi. Hamsini na nne ni wǔ shí sì. Watafiti waliolinganisha watoto wa China na wa Marekani waliona kwamba hadi kumi wanakwenda sambamba, kisha Wamarekani wenye umri wa miaka minne wanaanza kukwama kwenye kumi na moja na kuendelea, kwa sababu Kiingereza kina majina yasiyofuata mpango hapo. Kiswahili kinafuata mpango mpaka kumi na tisa, halafu kinakopa ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, na mtoto wetu naye anapata kazi ya kukariri.

Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooka, vingine vikikunjwa. Kwa nane, maeneo mengi hunyoosha gumba na kidole cha shahada. Ishara hizi hutofautiana kidogo kati ya mikoa, lakini watoto huzipenda, na sokoni zinafanya kazi hata pale maneno yanapogoma.

Kitu kimoja kitamsumbua mzazi kuliko mtoto. Wachina hawasemi "tatu paka" tu, husema sān zhī māo, wakipachika neno dogo kati ya namba na kitu: zhī kwa wanyama wengi, běn kwa vitabu, zhāng kwa vitu bapa kama karatasi na meza, gè kwa watu na mengi mengineyo. Mtu anayesema watoto watatu, viti vitatu na miti mitatu bila kufikiri asilalamike, ngeli zetu ni ngumu zaidi. Watoto wa Kichina wenyewe hutumia gè kwa kila kitu kwa miaka kadhaa, na hakuna anayewapiga.

Simu inaweza kumfundisha?

Hili ndilo linalogusa mfuko. Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alichapisha jaribio ambalo wauzaji wa programu za watoto wachanga hawapendi kulitaja. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walikaa na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina, vipindi 12 vya dakika 25 hivi. Mwishoni waliweza kutofautisha sauti mbili za Kichina, zile zinazoandikwa q na x, karibu sawa na watoto waliokulia Taiwan. Kundi jingine lilipewa watu hao hao na maneno hayo hayo kwenye televisheni. Kundi la tatu lilisikia sauti tu. Makundi haya mawili hayakujifunza chochote kilichopimika.

Sisi wa redio tunaandika hayo bila furaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jaribio lilipima usikivu wa sauti kwa watoto wachanga. Halikupima maneno ya mtoto wa miaka mitano, ambaye anaweza kufaidika na katuni au rekodi akiwa tayari ana mtu wa kusema naye. Ila mtoto mdogo hujifunza lugha kwa sababu kuna mtu anayemtazama, anayemjibu, anayecheka. Simu iliyoachwa mkononi mwake akiwa peke yake haifanyi kazi hiyo.

Mzazi asiyejua Kichina anaweza kuitumia simu kwa namna nyingine. Sikiliza neno moja mara kadhaa wewe mwenyewe, kisha liseme na mtoto wakati wa kitendo chenyewe, hē wakati wa kunywa, xǐ wakati wa kunawa. Mrekodi, msikilizane, mlinganishe na rekodi ya mzawa. Kukosea pamoja hakumdhuru mtoto, mradi kila siku asikie pia sauti ya mtu anayeijua lugha.

Nyimbo nazo zinahitaji tahadhari. Wimbo wa watoto wa simbamarara wawili, Liǎng zhī lǎohǔ, unaimbwa China nzima kwa tuni ya wimbo wa Kifaransa, na ni mzuri kwa kukumbuka maneno. Lakini muziki unafuata tuni yake na kuzifuta toni za lugha. Baada ya kuimba, yasemeni maneno yale yale kwa sauti ya kawaida.

Kuandika kusubiri

Mzazi akiona mtoto wa miaka minne anachora alama za Kichina hujivunia, na baadhi ya madarasa hutumia fahari hiyo. China yenyewe haina haraka. Watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka sita, na mwaka 2018 wizara ya elimu iliagiza shule za chekechea ziache kufundisha mambo ya shule ya msingi. Mwisho wa darasa la pili mtaala unataka mtoto atambue alama zipatazo 1,600 na aweze kuandika 800. Vitabu vya darasa la kwanza vinavyotumika tangu 2017 huanza na alama chache, kama mbingu, ardhi na mtu, kabla ya kuingia kwenye herufi za kilatini.

Kuonyeshwa alama kama picha hakuna ubaya. 木 ni mti, mbili zikiwa pamoja 林 ni kichaka cha miti, tatu 森 zinaleta maana ya msitu. 口 ni mdomo, 山 ni mlima. Mtoto atacheka na kukumbuka. Asijue tu kwamba alama zote ziko hivyo, maana nyingi hazifanani na kitu chochote.

Herufi za kilatini zinazotumika kuandika Kichina zinaitwa pinyin. Zilipitishwa rasmi mwaka 1958, na mtu anayetajwa sana katika kuziunda ni Zhou Youguang, mchumi aliyegeuka mtaalamu wa lugha, aliyefariki mwaka 2017 akiwa na miaka 111. Pinyin si Kiswahili. Ukizisoma kama gazeti utamharibia mtoto. Q iko karibu na ch, x karibu na sh nyembamba, c ni ts yenye pumzi, zh iko karibu na j lakini ulimi umekunjwa nyuma. B, d na g hazina ungurumo wa koo kama zetu. Bā itasikika kwako kama pa isiyo na pumzi, na p ya Kichina ni p yenye pumzi nyingi. Watu wa Mombasa na Lamu hawatapata shida, kwani kwao paa la nyumba na paa wa porini hutofautiana kwa pumzi hiyo hiyo.

Kiasi gani kinatosha?

Mtihani wa Kichina wa watoto unaoitwa YCT una ngazi nne, na ya kwanza inataka maneno 80 tu. Ya pili 150, ya tatu 300, ya nne 600. Kwa mtoto asiyeishi na Wachina, maneno 80 yenye toni sahihi ni mavuno mazuri. Anayekuahidi kwamba mtoto atazungumza kwa ufasaha ndani ya muhula mmoja anakudanganya.

Jambo la mwisho la kufikiria kabla ya kulipa ni muda. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuchukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Hawakuitambua lugha yao ya kwanza kuliko Mfaransa mwingine yeyote. Hiyo ilikuwa lugha ya mama, sembuse maneno 80 ya darasani. Kwa hiyo muulize mwalimu atakuwepo kwa muda gani, watoto watakuwa wangapi, na kila mmoja atasema kwa dakika ngapi badala ya kusikiliza tu. Mwombe atamke ma mara nne, kisha mwombe mtoto mmoja wa mwaka uliopita afanye vivyo hivyo.